Namna ya Kujenga Kazi ya Ngumi na Mateke kwa Binti wa Mwanza

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya binti anayeishi Mwanza, au popote kandokando ya Ziwa Victoria, ambaye hajifunzi ngumi na mateke (kickboxing) kwa ajili ya afya peke yake, bali anataka mchezo huo uwe kazi yake, na baadaye aingie katika mapigano mseto ambayo wengi tunayajua kwa jina la MMA. Nimeuandika pia kwa ajili ya mzazi wake, kwa sababu katika miaka ambayo nimekuwa nikifundisha mabinti nimeona kwamba yule ambaye nyumbani kwao hawamwelewi huacha mazoezi mapema, hata akiwa na kipaji kikubwa. Jambo nitakalolirudia katika kila hatua ni kwamba kazi hii humdumu yule anayejua cha kukataa. Mapambano ya wanawake ni machache, kila nafasi inayojitokeza huonekana kama ndiyo ya mwisho, na binti mwenye njaa ya ulingo hukubali kila anachoambiwa. Kwa hiyo kukataa kunapaswa kufundishwa kwa makusudi, kama ngumi ya kushoto inavyofundishwa.

Kwanza ieleweke kwamba safari hii ni ndefu hata kwa wale tunaowaona kwenye televisheni. Valentina Shevchenko, aliyezaliwa Kirgizia mwaka 1988, alianza taekwondo akiwa na miaka mitano, akahamia ngumi na mateke ya Kithai, na alipotwaa ubingwa wa kilo 56.7 wa UFC, shirika kubwa la MMA la Marekani, mwezi Desemba 2018 alikuwa ametimiza miaka 30. Mpinzani wake aliyeshindwa usiku huo ni Joanna Jędrzejczyk wa Polandi, ambaye naye alilelewa na ngumi na mateke ya Kithai, na ambaye kati ya Machi 2015 na Novemba 2017 alishika ubingwa wa kilo 52.2 na kuutetea mara tano. Wawili hao walikuwa wameshakutana mara tatu katika mashindano ya Kithai miaka mingi kabla, wakati ambapo UFC haikuwa hata na mapambano ya wanawake, kwa kuwa pambano la kwanza la wanawake humo lilifanyika Februari 2013. Kwa maneno mengine, walipoanza kujenga msingi wao, kazi ambayo ingewapa majina haikuwepo bado.

Kumchagua kocha

Kabla ya kulipa ada ya klabu yoyote, omba kuketi pembeni na kutazama mazoezi kwa wiki nzima. Klabu nyingi hufanyia mazoezi mahali pa kawaida sana, kama vile ukumbi wa shule, uwanja wa wazi, au chumba chenye begi moja la kupigia lililoshonwa kwa turubai, na hilo lisikukatishe tamaa. Tazama kama kocha anamsimamisha mwanafunzi mgeni mbele ya mwanaume mzoefu na kuwaacha wapigane ili watu wacheke. Tazama anachofanya mtu anapopigwa kichwani na kuyumba: je, anamtoa, anamkalisha na kumuuliza maswali, au anampigia kelele aendelee? Tazama pia kama kuna binti aliyedumu hapo zaidi ya mwaka mmoja, na ukimpata, zungumza naye akiwa peke yake. Klabu ambayo mabinti huingia na kutoka kila baada ya miezi michache ina sababu yake, na sababu hiyo mara nyingi si ugumu wa mazoezi.

Hili nitalisema waziwazi kwa kuwa limewaharibia wengi. Hakuna zoezi linalomlazimu binti kubaki na kocha peke yao usiku, hakuna uchuaji wa misuli unaohitaji mlango ufungwe, na hakuna nafasi ya kambi au safari inayolipiwa kwa mwili. Kocha au promota akianza njia hiyo, ondoka siku hiyohiyo, mwambie mzazi au mtu mzima unayemwamini, na utoe taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Usingoje upate ushahidi wa pili.

Muulize kocha klabu yake imesajiliwa wapi na ipo chini ya chama gani cha mchezo. Mwenye utaratibu hatakasirika. Usipopata jibu linaloeleweka, nenda ofisi ya afisa michezo wa halmashauri yako, iwe ni Jiji la Mwanza kwa wakazi wa Nyamagana au Manispaa kwa wakazi wa Ilemela, umuulize ni klabu na vyama vipi vinavyotambuliwa na Baraza la Michezo la Taifa. Safari hiyo ya asubuhi moja itakusaidia baadaye, kwa sababu siku utakapohitaji barua ya kusafiri kwenda kushindana nje ya nchi, mtu asiye na chama hana wa kumwandikia.

Kuhusu wazazi, ushauri wangu ni kwamba usifanye mazoezi kwa siri. Mwalike mama au shangazi aje kutazama siku ya mazoezi ya mbinu, ambapo watu hurudia hatua na mapigo taratibu, wala si siku ya kupigana. Mzee akiuliza kama mateke hayataharibu uzazi, usimjibu kwa ukali. Mwonyeshe kinga ya kifua na kinga ya nyonga, na umweleze kwamba kumpiga mtu kinenani ni kosa linalosimamisha pambano. Akiuliza kuhusu shule, mkubalie kabla hajamaliza sentensi. Binti aliyemaliza kidato cha nne akiwa anaweza kusoma mkataba na kupiga hesabu za asilimia ana silaha ambayo wenzake wengi hawana.

Miezi ya mwanzo

Katika miezi ya mwanzo hutapigana na mtu, na kocha anayekuambia vingine ana haraka ambayo si yako. Utajifunza kusimama, kusogea bila kuvuka miguu, kurudisha mkono kidevuni baada ya kila ngumi, kuruka kamba, na kufunga bandeji.

Kufunga bandeji ni jambo ambalo wengi hulifanya ovyo kisha wakalalamika kwamba mikono yao ni dhaifu. Bandeji inayofaa ina urefu wa kama mita 4.5. Tanua vidole, ingiza kitanzi kwenye kidole gumba, pitisha bandeji juu ya mgongo wa kiganja, kisha izungushe kifundo cha mkono mara tatu bila kuikunja. Panda hadi kwenye vifundo vya vidole, yaani pale hasa panapogonga, uzungushe tena mara tatu, na kila mzunguko uwe umekunja ngumi nusu ili usikaze kupita kiasi. Sasa pitisha bandeji katikati ya vidole, nafasi moja baada ya nyingine, ukirudi kila mara upande wa kidole gumba. Funga gumba lenyewe mara moja. Rudi vifundoni kwa mzunguko mwingine mmoja au miwili. Kisha umalizie kwenye kifundo cha mkono kwa bandeji yote iliyobaki. Kunja ngumi, na usikie imebana. Kunjua, na vidole visife ganzi wala kubadilika rangi. Mara baada ya mazoezi zifue na kuzianika juani, maana bandeji iliyokunjwa ikiwa na jasho hunuka na huleta magonjwa ya ngozi.

Kwa glovu, nunua za aunsi 14 au 16 za kupigania na mwenzako mazoezini, hata kama pambano lenyewe hutumia za aunsi 10 au chini ya hapo. Ukinunua za mtumba, bonyeza eneo la vifundo kwa kidole gumba; ukigusa upande wa pili kwa urahisi, sufi yake imekufa na zitamuumiza mwenzako. Kinga ya meno usiazime kamwe.

Kuhusu mbio, Mwanza imetupa kilicho bora. Mji upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyake, kuanzia barabara ya kupanda Bugando hadi miinuko ya Isamilo, vitakujengea mapafu na mapaja bila gharama yoyote. Kimbia alfajiri ukiwa na mwenzako au kundi, na ubadilishe njia mara kwa mara. Mchanga mkavu wa ufukweni ni mzuri kwa hatua za miguu, lakini usikubali yale mazoezi ya kusimama ndani ya maji ya kina kifupi na kupiga mateke, ambayo vijana huyapenda kwa sababu yanapendeza kwenye picha. Maji ya kando ya ziwa, hasa penye majani na konokono, ndiyo makao ya kichocho. Mchezaji mwenye kichocho huchoka bila sababu, huumwa tumbo, na wengine hukojoa au kujisaidia damu. Ukishuku, nenda ukapimwe, kwa sababu dawa yake ipo na hutolewa kwa kipimo kinacholingana na uzito wako.

Teke

Teke ndilo linaloutenganisha mchezo huu na ngumi za kawaida, na ndilo ninalolitumia muda mrefu zaidi kulifundisha. Teke la duara halipigwi kwa vidole wala kwa mgongo wa wayo. Hupigwa kwa ugoko, na nguvu yake hutoka kwenye nyonga. Mguu unaobaki chini lazima uzunguke juu ya vidole vyake hadi kisigino kimtazame mpinzani, kwani usipozunguka, goti ndilo litakalobeba msokoto wote, na magoti ya wanawake huchanika kano kwa urahisi zaidi kuliko ya wanaume. Ninapomfundisha binti mpya, humwambia ashike ukuta na kurudia mzunguko huo wa kisigino peke yake, bila kupiga kitu, hadi mwili uzoee.

Kulizuia teke la chini ni kazi nyingine. Unainua mguu wa mbele, goti likitazama nje kidogo na vidole vikielekea juu, ili teke likutane na sehemu ya juu ya ugoko karibu na goti, mahali ambapo mfupa ni imara. Wanaoanza hukosea kwa kuinua mguu na huku wakiegemea nyuma. Hapo husukumwa wakaanguka. Baki wima, mikono juu, na mguu ukirudi chini jibu papo hapo kwa ngumi au kwa teke lako, kwa sababu mpinzani yupo kwenye mguu mmoja.

Kuna mazoea ya kugonga ugoko kwa chupa, fimbo au mti ili uwe sugu. Nayapinga kabisa. Ugoko huimarika kwa kupiga begi mara nyingi, taratibu, mwezi baada ya mwezi. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Anayegonga mfupa kwa chupa hujitafutia uvimbe, na mahali palipovimba hapastahimili teke la kwanza la pambano.

Mapambano ya ridhaa

Mchezo wa ngumi na mateke una mitindo kadhaa ya ridhaa chini ya shirikisho la dunia, WAKO, ambalo mwezi Julai 2021 lilitambuliwa rasmi na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ingawa mchezo wenyewe haujaingizwa kwenye ratiba ya Olimpiki. Ipo mitindo ya mguso mwepesi inayochezwa kwenye mikeka, na ipo ya mguso kamili inayochezwa ulingoni, ambamo mmojawapo huruhusu teke la chini na mwingine huongeza goti. Pambano la ulingoni la ridhaa huwa la raundi tatu za dakika mbili mbili. Ushauri wangu ni binti aanzie kwenye mguso mwepesi, apate mapambano kadhaa, ndipo apande. Hapo atajifunza kusoma umbali na muda bila kupokea mapigo mazito kichwani, na mambo hayo mawili hayaozi.

Usikubali pambano la kulipwa kabla ya kuwa na mapambano 10 hivi ya ridhaa; hayo ni maoni yangu, na najua wapo makocha watakaoyaona ni mengi. Lakini pambano la kulipwa huingia kwenye rekodi yako na halifutiki, na promota wa nje anapotafuta mpinzani wa kumpandisha mtu wake huangalia rekodi hiyo kwanza. Binti aliyepoteza manne ya mwanzo kwa kuharakishwa huanza kuitwa kwa kazi moja tu, ya kwenda kupigwa. Tangu pambano la kwanza, weka daftari lenye tarehe, mahali, jina la mpinzani, uzito, matokeo na majeraha, na umwombe mwenzako akurekodi video nzima kwa simu, iliyotulia, kutoka kona moja.

Chini ya miaka 18, pigana na walio rika lako katika ridhaa peke yake.

Kuingia kwenye MMA

Wengi hudhani kwamba mtu wa ngumi na mateke akiongeza mieleka kidogo tayari ni mpiganaji wa MMA. Historia inasema vingine. Novemba 2015, huko Melbourne, Holly Holm, aliyekuwa bingwa wa ngumi na aliyepitia pia ngumi na mateke, alimwangusha Ronda Rousey kwa teke la kichwa katika raundi ya pili na kuchukua ubingwa. Watu hukumbuka teke lile, lakini ukilitazama pambano lote utaona kwamba kazi kubwa ilikuwa ya miguu: Holm alikataa kubanwa kwenye uzio, akazunguka, na akajinasua kila aliposhikwa. Miezi minne baadaye, Machi 2016, alipokutana na Miesha Tate, aliangushwa chini katika raundi ya tano na kukabwa shingo hadi akapoteza fahamu na mkanda. Germaine de Randamie wa Uholanzi, aliyetokea kwenye ngumi na mateke na kuwa bingwa wa kwanza wa UFC wa kilo 65.8 kwa wanawake mwaka 2017, alipopambana na Amanda Nunes Desemba 2019 alishindwa kwa pointi baada ya kuangushwa mara kwa mara. Hawa ni wanawake hodari kupita kiasi, na bado pengo lao lilikuwa mahali palepale.

Kwa hiyo, anza mieleka, judo au jujitsu angalau mwaka mmoja kabla ya pambano lako la kwanza la MMA. Jifunze mambo matatu kwa mpangilio: kuzuia kuangushwa, kuinuka ukiangushwa, na kutambua mkabo kabla haujakaza. Mbinu za kumkaba mwenzako zitafuata. Utalazimika pia kubadilisha namna unavyosimama, kwa kuwa katika ngumi na mateke tunasimama wima ili kuinua mguu haraka, na mtu aliyesimama hivyo ni rahisi kubebwa miguu. Shusha nyonga kidogo, ongeza umbali, na upunguze mateke ya katikati yanayodakwa. Kumbuka kwamba glovu za MMA ni za aunsi 4 hivi. Ule ukuta wa glovu kubwa uliokuwa unajificha nyuma yake haupo tena, na ngumi hupenya katikati ya mikono. Raundi nazo ni za dakika tano, tatu kwa pambano la kawaida na tano kwa ubingwa.

Mkeka wa mazoezi ufutwe kwa dawa kabla na baada ya kila kipindi, kucha zikatwe, nywele zisukwe na kubanwa bila vibanio vya chuma, na mwenye mashilingi ya ngozi, yaani choa, au jipu akae nje hadi apone. Usipogonga mkeka mapema kuonyesha kwamba umesalimu amri unapokabwa mazoezini, utakosa mwezi mzima wa mazoezi kwa kiwiko kilichovutika.

Uzito

Katika MMA madaraja ya wanawake yanayotumika zaidi yana ukomo wa kilo 52.2, 56.7, 61.2 na 65.8, na baadhi ya mashirika yana la kilo 47.6. Kanuni ninayoifuata ni kwamba binti asipigane katika daraja linalomlazimu kupunguza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika wiki ya mwisho. Mwenye kilo 58 au 59 za siku zote anaweza kufikia 56.7, lakini mwenye kilo 64 akiambiwa afikie 56.7 kwa wiki mbili, jibu ni hapana, hata kama donge ni nono.

Desemba 2015, Yang Jian Bing, kijana wa China mwenye miaka 21, alifariki akijikausha maji ili apime uzito kwa ajili ya pambano huko Manila, na shirika lililoandaa pambano hilo likabadilisha kanuni zake ili kuzuia upunguzaji wa aina hiyo. Mtu aliyekaushwa maji pia hupigwa akiwa katika hali mbaya zaidi, kwa kuwa mwili wake haujapata nafuu. Vidonge vya kukojosha vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa ni hatari, na vipo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Akipimwa mkojo, mchezaji anaweza kufungiwa kwa miaka. Hata dawa za mafua zenye efedrini zina tatizo hilo siku ya shindano, basi mwonyeshe daktari wa mashindano kila unachomeza, zikiwemo dawa za mitishamba.

Chakula cha kwetu kinatosha kabisa. Sato wa kuchemsha au kuoka, dagaa, maharage, mayai, maziwa mgando, mboga za majani, ugali, na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) asubuhi kabla ya mbio ndefu, vinampa mchezaji anachohitaji bila unga wa makopo wa bei kubwa. Dagaa na maini nayasisitiza kwa mabinti kwa sababu ya madini ya chuma yanayopotea kila mwezi. Katika wiki za kupunguza uzito, punguza mafuta na wanga wa jioni taratibu kuanzia wiki ya nane kabla ya pambano, wala usiruke mlo. Hedhi ikikosekana kwa miezi mitatu mfululizo na huna ujauzito, mwili unakuambia kwamba unachokula hakilingani na kazi unayoufanyisha. Mifupa huanza kudhoofika kimyakimya. Mwambie kocha wako bila aibu, na kama yeye ni mwanaume asiyeweza kulisikia neno hilo, atafutwe mwanamke klabuni wa kusimamia jambo hilo.

Kichwa na damu

Kabla ya pambano la ulingoni hitaji vipimo hata kama mwandaaji hajaviomba: Virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, ujauzito, macho, na shinikizo la damu. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu zinazochukua takribani miezi sita, basi anza mapema. Tunaoishi hapa tuna bahati ya kuwa na hospitali ya rufaa ya kanda pale Bugando, ambapo kipimo cha picha ya ubongo kinaweza kufanyika. Kwa anayeingia mapambano ya kulipwa, pata picha moja mwanzoni ili ya baadaye iwe na cha kulinganishwa nayo.

Ukipoteza fahamu ulingoni au mazoezini, usipigwe kichwani tena kwa siku 60 hadi 90, hata ukijisikia mzima. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kuchukia mwanga, kusahau, kulia bila sababu au kukosa usingizi baada ya pigo ni dalili za mtikiso wa ubongo, na anayeziona mara nyingi ni watu wa nyumbani. Ndiyo sababu nyingine ya kutomficha mama. Mazoezi ya kupigana kwa nguvu yasizidi mara moja kwa wiki, na wiki ya mwisho kabla ya pambano yasiwepo. Machi 2020 Jędrzejczyk alipigana raundi tano na Zhang Weili wa China katika pambano ambalo paji lake la uso lilivimba hadi sura ikabadilika, naye alikaa zaidi ya miaka miwili kabla ya kurudi. Aliyekuwa bingwa wa dunia alijipa muda huo, wakati ninaletewa mabinti wanaotaka kupigana tena baada ya wiki tatu kwa sababu promota amepiga simu.

Mkataba na pesa

Mkataba usomwe ukiwa umekaa nyumbani, kamwe si siku ya kupima uzito. Ukiwa kwa Kiingereza na hukielewi vizuri, mpelekee mwalimu au wakili akufafanulie kwa maandishi. Tafuta humo majibu ya maswali haya: malipo ni kiasi gani kwa kupigana na kiasi gani kwa kushinda, na yanalipwa lini; uzito ni upi na mpinzani akiuzidi nini kitatokea; nani anayelipia nauli, chakula, malazi na vipimo; nani anayelipa hospitali ukivunjika, na kwa muda gani; na je, mkataba unakufunga usipigane kwingine, kwa mapambano mangapi au miaka mingapi. Kipengele kinachokufunga bila kumlazimu promota kukupatia idadi fulani ya mapambano kwa mwaka kikatwe, au usitie saini. Dai sehemu ya malipo kabla ya kupanda ulingoni. Makato ya kocha na meneja yaandikwe kwa asilimia. Kumlipa kocha kama asilimia 10 ni kawaida, lakini meneja na kocha wakiwa mtu mmoja, hakikisha hakati mara mbili.

Mpaka jina likue, usitegemee ulingo pekee kwa kula. De Randamie alifanya kazi ya polisi huku akipigana katika kiwango cha dunia. Hapa Mwanza nimewaona mabinti wakifanya mazoezi saa kumi na moja alfajiri, kisha wakaenda Mwaloni Kirumba kununua dagaa kwa jumla na kuuza, na jioni wakarudi klabuni. Njia iliyo karibu zaidi na mchezo ni kufundisha wanawake mazoezi ya viungo na kujilinda; na kwa anayetaka cheti, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kipo wilayani Kwimba, ndani ya mkoa wetu huuhuu.

Safari

Mapambano mengi makubwa hufanyika Dar es Salaam, na kwa basi hiyo ni zaidi ya kilomita 1,000. Miguu huvimba, maji hujikusanya mwilini, na mizani hudanganya. Fika angalau siku mbili kabla ya kupima uzito, na hili liingie kwenye mkataba. Ukiitwa Nairobi kwa kupitia Sirari, au Kampala kwa kupitia Mutukula, hakikisha una hati ya kusafiria, kadi ya homa ya manjano, barua ya chama chako, na nakala ya mkataba iliyobaki nyumbani kwa mtu unayemwamini. Usisafiri bila kocha au msaidizi wa kona. Promota anayesema atakupatia mtu wa kona hukohuko anakuomba umkabidhi mgeni uamuzi wa kusimamisha pambano lako.

Uamuzi huo upangeni mapema, mkiwa klabuni, vichwa vikiwa baridi. Binti na kocha waketi na kukubaliana kwa maandishi ni dalili zipi zitamfanya kocha alisimamishe pambano bila kumuuliza: kwa mfano, mikono ikishuka na hairudi kwa wito wa pili, au akirudi kwenye kiti na hajui ni raundi ya ngapi. Kubalianeni pia kwamba binti akipoteza fahamu mara ngapi ndipo ataacha kupigana moja kwa moja. Mimi huandika mara mbili, pamoja na sharti la daktari hata baada ya mara moja. Jędrzejczyk alitangaza kustaafu Juni 2022, akiwa bado ulingoni, mara tu baada ya kushindwa na Zhang kwa mara ya pili, akiwa na miaka 34 na akili timamu ya kusema mwenyewe kwamba imetosha. Karatasi hiyo itiwe saini na binti, kocha na mzazi; nakala moja ibaki klabuni, nyingine nyumbani, na ya tatu iwe kwenye begi la bandeji kila anaposafiri.